Nyimbo Zilizotulea

Hotuba ya Katibu wa Kwaya katika Jubilei ya Fedha ya kwaya yetu, miaka 25



Tumepewa robo saa, na mwenyekiti wa sherehe hachezi na saa, kwa hivyo historia ya kwaya hatutaisoma hapa. Iko ukurasa wa nne wa kijitabu hiki, pamoja na picha ya sare yetu ya kwanza, ile ya rangi ya maziwa iliyochujuka kila ilipofuliwa. Kazi yetu sasa ni moja: kueleza kwa nini ratiba ya leo ina Handel na Mozart, na kwa nini ina nyimbo ambazo baadhi yenu mnazijua kutoka kwenye sinema.

Miezi mitatu iliyopita tuliwapa wanakwaya karatasi yenye maswali mawili. La kwanza: ni muziki gani mkubwa ambao huwezi kuusahau, uwe tumeuimba hapa au umeusikia kwingine? La pili: uliusikia wapi mara ya kwanza, na ulikuwa na nani? Tulitarajia kila mtu aandike mistari miwili mitatu. Zilirudi karatasi 38, nyingine zimejazwa pande zote mbili. Tulipozisoma pamoja kwenye kamati tuliona jambo moja. Karibu hakuna aliyeandika kwamba anaupenda wimbo kwa sababu ni mtamu. Kila mmoja aliandika juu ya mtu. Wimbo ni huu, aliyenifundisha ni fulani, na siku ile kulikuwa na jambo hili. Nyimbo za leo, basi, zimechaguliwa na karatasi hizo, na kumbukumbu tunazosimulia ni za wanakwaya wenyewe. Wamekubali zisomwe, majina yao tumeyaacha.

Haleluya ya Handel

Huu ndio ulioongoza, na hakuna aliyeshangaa. Wengi wenu mnaujua kwa sababu ukianza tu, watu husimama.

George Frideric Handel alikuwa Mjerumani aliyehamia London. Mwaka wa 1741 alikuwa na umri wa miaka 56, na opera zake za Kiitalia hazikuvuta watu tena kama zamani. Kati ya tarehe 22 Agosti na 14 Septemba, siku 24 tu, akaandika Masiha yote, ambamo Haleluya ni sehemu moja. Lakini kazi hiyo haikuimbwa kwanza London. Iliimbwa Dublin, nchini Ireland, tarehe 13 Aprili 1742, na waimbaji wengi walitoka katika kwaya za makanisa makuu mawili ya mji ule. Watu walitarajiwa kuwa wengi hata wanawake wakaombwa waje bila zile fremu za kutanua magauni, na wanaume waache panga zao nyumbani, ili ukumbi utoshe. Pesa zilizopatikana zilikuwa za hospitali mbili na za kuwasaidia watu waliofungwa kwa sababu ya madeni. Wafungwa 142 walitoka gerezani kwa pesa za muziki ule.

Sisi hatukuyajua hayo katika mwaka wa sita wa kwaya, wakati mwenzetu wa sauti ya kwanza alipojifungua kwa upasuaji katika hospitali moja. Mama alikuwa mzima na mtoto alikuwa mzima, lakini bili ilifika shilingi 63,000 na hawakuruhusiwa kwenda nyumbani. Kila siku waliyozuiliwa, bili iliongezeka. Tulikuwa na miezi minne tukijifunza Haleluya. Besi walikuwa watatu, kinanda hatukuwa nacho, na mwalimu alitutolea sauti kwa kifilimbi kidogo alichokiweka mfuko wa shati. Tuliomba ukumbi wa shule jirani, tukaimba Jumapili alasiri, tukapitisha kapu. Hatukuuimba vizuri. Sauti ya tatu waliingia mapema mahali pamoja, na kuna mtu alipiga makofi wakati wa ule ukimya kabla ya mwisho, akidhani tumemaliza. Lakini kapu lilirudi na shilingi 71,450, na Jumatatu asubuhi mama na mtoto walipanda matatu ya kwenda nyumbani.

Mtoto yule leo ana miaka 19 na anaimba sauti ya pili, mstari wa mbele. Kwenye karatasi yake aliandika maneno manne: "Wimbo huu ulinilipia bili."

Oboe ya Padre Gabriel

Wazee wa kwaya mnakumbuka mwaka wa tisa, tulipokaribia kugawanyika. Upande mmoja ulisema ngoma na kayamba vinaharibu utulivu wa muziki wa kanisa, na kwaya iliyofikia kuimba Handel isirudi nyuma. Upande wa pili ulisema tumekuwa tukiwaimbia Wazungu waliokufa zamani, huku nyanya zetu wakikaa viti vya nyuma bila kuelewa neno. Watu waliacha kusalimiana baada ya mazoezi. Jumamosi mbili tulifanya mazoezi bila besi hata mmoja.

Padre msaidizi wa wakati ule hakuitisha mkutano. Aliazima projekta, akatundika shuka jeupe ukumbini, akatuonyesha filamu ya The Mission, iliyotoka mwaka wa 1986. Inahusu Wajesuiti wa karne ya 18 huko Amerika Kusini, miongoni mwa Waguarani. Padre Gabriel anapanda kando ya maporomoko makubwa ya maji, anaketi juu ya jiwe msituni na kupiga oboe. Oboe ni ndugu wa nzumari ya watu wa pwani, kwa kuwa zote hupigwa kwa ulimi wa tete. Waguarani wanamzunguka na mishale. Mmoja anamnyang'anya oboe na kuivunja. Mwingine anaiokota na kujaribu kuiunga, kisha anamshika padre mkono na kwenda naye.

Muziki wa filamu hiyo uliandikwa na Ennio Morricone wa Italia, aliyefariki Julai 2020. Padre alitusimamishia filamu, akatuchezea sehemu moja ya muziki ule mara tatu, akasema tuhesabu ni vitu vingapi tunavyosikia. Tulihesabu vitatu. Kulikuwa na kwaya ikiimba kwa namna ya kanisa la Ulaya, kulikuwa na ngoma na sauti za wenyeji wa msituni, na juu yake ulipita ule wimbo wa oboe. Vitatu vyote vinakwenda kwa wakati mmoja na hakuna kinachokimeza kingine. Halafu akatueleza kwamba Waafrika walikuwa wamefanya jambo la namna hiyo miaka mingi kabla ya filamu. Mwaka wa 1958, mjini Kamina nchini Kongo, wavulana na walimu wao waliimba Missa Luba chini ya Padre Guido Haazen: maneno ya Misa kwa Kilatini, kwa namna ya kuimba na ngoma za nyumbani kwao. Sanctus yake nayo ilitumika kwenye sinema, filamu ya Waingereza iitwayo If...., mwaka wa 1968. Na hapa kwetu Kenya, Kwaya ya Muungano chini ya Boniface Mganga iliirekodi Misa hiyo.

Jumamosi iliyofuata besi walirudi, na ngoma ikarudi. Tangu siku hiyo hatujaimba Jumapili ya sherehe bila vyote viwili. Leo sauti ya kwanza wataimba wimbo wa oboe kwa midomo iliyofungwa, wanaume watashikilia chini, na ngoma itaingia polepole. Mkisikia vitu vitatu, mjue ndivyo tulivyopatanishwa.

Baba Yetu

Sehemu ile ya Morricone tuliyochezewa mara tatu ina jina lililotoka kwenye Sala ya Bwana, "duniani kama mbinguni". Wimbo unaofuata umechukua sala yenyewe.

Kijana wa sauti ya tatu ameandika kwamba alipokuwa kidato cha pili alikuwa akipita saiba kila jioni badala ya kwenda nyumbani. Hakuwa na pesa za kucheza, alisimama nyuma ya wenzake na kutazama. Siku moja mchezo uitwao Civilization IV ulipofunguliwa, ukatoka wimbo, na maneno yalikuwa Kiswahili. Ilikuwa Baba Yetu, sala aliyofundishwa na mama yake kabla hajajua kusoma, ikiimbwa na kwaya kubwa kutoka mchezo wa Wamarekani. Aliwaomba wenzake wasibonyeze kitu mpaka uishe. Wakamcheka.

Wimbo huo ulitungwa na Christopher Tin, Mmarekani, kwa ajili ya mchezo huo uliotoka mwaka wa 2005. Februari 2011 ulipata tuzo ya Grammy, na ulikuwa wimbo wa kwanza ulioandikiwa mchezo wa kompyuta kupata tuzo hiyo.

Kijana yule alikuja kwenye mazoezi yetu kuuliza swali moja tu, kama tunaujua. Hatukuujua. Mwalimu akamwambia aketi kwanza na sauti ya tatu, tutautafuta. Mama yake alikuwa amemsihi aje kanisani kwa miaka miwili bila mafanikio. Wazee wachache waliuliza kama inafaa wimbo wa mchezo uimbwe na kwaya ya kanisa. Paroko wa wakati huo aliwajibu kwa swali: "Maneno ni ya nani?" Lakini pia aliweka utaratibu ambao tunaufuata hadi leo. Ndani ya Misa, Sala ya Bwana ni ya waumini wote, nayo husaliwa au kuimbwa na wote. Wimbo wa Tin tunauimba kwenye tamasha na sherehe kama hii.

Klarineti ya Mozart

Wa nne si wimbo wa kwaya, lakini tuliuweka kwa heshima ya mama yetu mkubwa kuliko wote katika sauti ya pili, mwenye miaka 71. Miaka ya themanini alifanya kazi ya nyumbani Nairobi. Mwajiri wake alikuwa na kaseti aliyoiweka Jumamosi, mama akipiga pasi, na kwenye kaseti hiyo kulikuwa na kipande cha polepole cha filimbi ambayo hakujua jina lake. Aliupenda. Aliondoka kazini pale, kaseti ikabaki, na wimbo akaondoka nao kichwani. Aliwabembelezea watoto wake wanne na wajukuu tisa. Siku moja, kwa jirani, televisheni ilionyesha Out of Africa, ile filamu ya 1985 iliyopigwa hapa Kenya, ya shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong. Akausikia. Jirani anasema mama alisimama akaelekeza kidole kwenye televisheni: "Huo ni wangu!"

Muziki mwingi wa filamu hiyo ni wa John Barry, na alipata Oscar kwa ajili yake. Lakini kipande cha mama ni cha Mozart, sehemu ya pili ya kazi aliyomwandikia rafiki yake mpiga klarineti, Anton Stadler, mwaka wa 1791. Leo mcheza kinanda wetu ataupiga kwa sauti ya klarineti. Tunawaomba msipige makofi mpaka noti ya mwisho izime. Mama ameungoja miaka mingi.

Ave Verum

Mwaka huohuo wa 1791 ulikuwa wa mwisho kwa Mozart. Alifariki tarehe 5 Desemba, akiwa na miaka 35, Misa yake ya wafu ikiwa haijaisha. Lakini mwezi Juni, mke wake Constanze akiwa Baden kwa ajili ya afya yake, Mozart aliandika wimbo mfupi wa Ekaristi na kumpa Anton Stoll, mwalimu wa kwaya ya parokia ya mji huo. Tuwaombe kwaya zote zilizo hapa mlisikie hilo vizuri. Ave Verum Corpus, ambao leo unaimbwa na kwaya kubwa za dunia, uliandikwa kwa ajili ya kwaya ya parokia. Ni wa dakika tatu hivi. Kwa solfa unaingia kwenye ukurasa mmoja na nusu. Hauna sauti za juu za kutisha. Mozart alijua anawaandikia watu gani: watu kama sisi, waliotoka kazini wakiwa wamechoka.

Besi wetu mkuu ndiye aliyewafundisha wanaume wimbo huu. Alikuwa fundi wa baiskeli, na mikono yake haikutakata grisi hata siku ya Pasaka. Hakusoma noti wala solfa. Alisikia mara mbili, akashika. Kijana mgeni akiingia besi, alimweka kando yake, bega kwa bega, akamwambia, "Usitazame karatasi, nisikie mimi." Miaka 20 besi ya kwaya hii ilifundishwa kwa bega.

Alifariki mwaka wa 2020, wakati makanisa yamefungwa na mazishi hayakuruhusiwa kuzidi watu 15. Familia yake ilikuwa kubwa kuliko idadi hiyo. Hata hivyo walikaa, wakahesabu, wakatupa nafasi tatu kati ya zile 15. Shangazi wawili na binamu mmoja walibaki nyumbani ili kwaya iwepo. Tulichagua mmoja wa sauti ya kwanza, mmoja wa ya pili, mmoja wa ya tatu. Wanne hatukuweza, na hata kama tungeweza, hatukuona nani angesimama mahali pake naye yupo pale mbele yetu.

Waliimba watatu, wamevaa barakoa, kila mmoja mbali na mwenzake. Wanaoujua wimbo wanajua kwamba karibu na mwisho sauti za kike hutangulia, halafu za kiume hufuata nyuma yao. Zilipotangulia za kike, iliyofuata ilikuwa moja, sauti ya tatu peke yake, bila kitu cha kuegemea chini. Aliyeimba ameandika kwamba aliisikia besi kichwani na akaifuata hiyo. Sisi wengine tulikuwa nyumbani, simu zimewekwa juu ya meza, tukisikiliza.

Leo besi ni saba. Tutauimba kamili.

Ombi letu

Ndugu zetu, karatasi zile 38 zimetufundisha kwamba wimbo hukaa ndani ya mtu. Mazishi yale yalitufundisha upande wa pili wa jambo hilo. Mazoezi yalipoanza tena, tuligundua kwamba kuna nyimbo tatu ambazo besi yake ilikuwa imeondoka na mzee wetu. Zilikuwa nyimbo za mtunzi wa huku kwetu, hazikuwahi kupigwa chapa. Sauti tatu tunazo. Ya nne hakuna anayeikumbuka yote. Handel tunaweza kumnunua dukani wakati wowote. Hizo tatu hazipo dukani.

Mwalimu wetu wa kwanza, ambaye ameketi pale mbele, ameandika kwa mkono nyimbo 212 katika madaftari tisa, zote kwa solfa. Mchwa waliingia kwenye daftari la pili tukapoteza kurasa sita. Macho yake hayaruhusu tena kuandika usiku. Kati ya wanakwaya 44, wanaoweza kusoma solfa na kuiimba bila kusaidiwa ni watano, na watatu wana zaidi ya miaka 60. Vijana wengi hujifunza kwa kusikia kwenye simu. Kusikia si kubaya; mzee wetu alisikia maisha yake yote. Ila anayesikia tu anategemea kuwe na mtu wa kusikiwa.

Wengine mnaiona solfa kama kitu cha zamani. Ilianzishwa na mwalimu wa Uingereza, Sarah Glover, na kuendelezwa na mchungaji John Curwen katika karne ya 19, ili watoto na wafanyakazi wa kawaida wasiokuwa na piano waweze kuimba sauti nne. Wamisionari wakaileta Afrika. Uzuri wake ni kwamba ni herufi na nukta tu: d, r, m, f, s, l, t. Inaandikika kwa taipureta, inaandikika kwa chaki ubaoni, na zamani kabla ya simu za kisasa tuliwahi kumtumia mwenzetu aliyehamia Mombasa sauti ya pili nzima kwa ujumbe mfupi. Alifika siku ya harusi akaimba nasi bila mazoezi hata moja.

Kamati imeamua mambo mawili. Kwanza, sadaka ya leo itanunua kabati la chuma la kuhifadhia madaftari na kulipia kuyachapa upya kwenye kompyuta, nakala moja ikae kwa Baba Paroko. Pili, darasa la solfa litaanza Jumamosi ijayo saa nane mchana, ukumbi mdogo, saa moja kabla ya mazoezi. Halina ada. Ni la wanakwaya na wasio wanakwaya, watoto kuanzia darasa la nne. Leteni daftari na penseli. Tutaanza na Ave Verum, kwa kuwa ni fupi, na kwa kuwa uliandikwa kwa ajili ya parokia.

Tunawashukuru mapadre wote waliotulea, wazazi waliotuachilia Jumamosi zetu, waume na wake waliokula chakula kilichopoa, na familia ya mzee wetu, ambayo iko nasi hapa. Kijana wake wa mwisho alijiunga na besi mwezi wa pili. Tumempa nafasi ya bega.

Sasa tunawaomba msimame, maana sauti ya kwanza wameshachukua pumzi ya Haleluya.

Mungu awabariki nyote.